Lugha za Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza: Namna Shule na Familia Zinavyoweza Kumsaidia

Kila mwezi wa Januari shule za sekondari za kata hupokea wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Katika shule za msingi za serikali wanafunzi hao walisoma hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Baada ya likizo fupi hukuta masomo yaliyo mengi yakifundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono darasani huanza kukaa kimya. Mwalimu humdhania mzito wa kuelewa, mzazi humdhania mvivu, na yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba hana akili. Akishaamini hivyo, safari ya utoro huwa haiko mbali.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya walimu wa masomo yote, wajumbe wa bodi za shule, wazazi na walezi. Linaeleza chanzo cha ukimya huo na hatua zinazoweza kuchukuliwa kwa kutumia vitu ambavyo shule tayari inavyo. Hoja yake kuu ni kwamba mwanafunzi wa aina hii amepungukiwa na lugha ya somo, hakupungukiwa na akili, na kwamba lugha anazokuja nazo kutoka nyumbani na shule ya msingi ndizo msaada wa kwanza wa kumfikisha kwenye Kiingereza.

Lugha zinazokutana darasani

Mkoa wa Manyara ni mfano mzuri wa hali hiyo. Katika wilaya za Babati, Mbulu na Hanang wanakutana wasemaji wa Kiiraqw na Kigorowa, ambazo ni lugha za Kikushi. Wasemaji wa Kidatoga, ambayo ni lugha ya Kiniloti. Na wasemaji wa Kimbugwe na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu kama kilivyo Kiswahili chenyewe. Katika bonde la Yaeda Chini wapo Wahadza, ambao lugha yao wanaisimu wengi wa leo huiona kuwa haina ndugu. Ni sehemu chache barani Afrika ambazo lugha za asili tofauti kiasi hicho hukaa jirani na kufika katika darasa moja.

Kwa hiyo Kiingereza ni lugha ya tatu kwa wanafunzi wengi wa sekondari za maeneo haya. Ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili ni Kiswahili, ambacho wengine walianza kukitumia kwa dhati walipoingia shuleni, na ya tatu ni Kiingereza. Wanafunzi wa darasa moja hawalingani katika safari hiyo. Mtoto aliyekulia mjini Babati huenda amezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa. Mwenzake aliyetoka katika familia ya wafugaji mbali na barabara kuu huenda bado anatafsiri kichwani kutoka lugha ya mama kwenda Kiswahili, kisha Kiswahili kwenda Kiingereza. Anapochelewa kujibu, huwa bado yumo kazini.

Hali hii ilivyoanza

Kiswahili kilianza kutumika kufundishia masomo yote ya shule za msingi za serikali mwaka 1967, sambamba na Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Elimu ya sekondari ilibaki katika Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika Kidato cha Kwanza kuanzia Januari 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania, wakaonyesha kwamba kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo.

Mjadala wa lugha ya kufundishia umeendelea tangu wakati huo, na wapo wenye hoja nzito kila upande. Uamuzi wa mwisho katika jambo hilo ni wa taifa. Mwalimu aliye mbele ya wanafunzi hamsini asubuhi ya Jumatatu hawezi kuusubiri mjadala uishe. Mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wake wanapaswa kuelewa somo la siku hiyo. Linalomhusu ni namna ya kufikia malengo hayo mawili kwa pamoja.

Kwa nini kipindi cha Kiingereza peke yake hakitoshi

Wengi huamini kwamba kazi ya lugha ni ya mwalimu wa Kiingereza, na kwamba mwalimu wa fizikia au jiografia amekwisha timiza wajibu wake akifundisha mada. Imani hii ina kasoro. Mwaka 1979 mtaalamu Jim Cummins, aliyefanya kazi yake nchini Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Uchunguzi wake juu ya watoto wa wahamiaji ulionyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza na wenzake vizuri baada ya takriban miaka miwili, lakini huhitaji miaka mitano hadi saba kufikia wenzake katika lugha ya kusomea na kuandikia masomo.

Watoto hao walizungukwa na Kiingereza dukani, mtaani na katika televisheni. Mwanafunzi wa Mbulu au Hanang hukisikia Kiingereza darasani tu, na ana miaka minne kati ya Kidato cha Kwanza na mtihani wa Kidato cha Nne. Muda huo hautoshi iwapo lugha ya masomo itaachwa ikue yenyewe. Ni lazima kila kipindi, kiwe cha kemia, historia au kilimo, kiwe pia kipindi cha kujifunza Kiingereza cha somo hilo. Maneno ya fizikia hayapatikani katika kitabu cha Kiingereza. Yanapatikana kwa mwalimu wa fizikia.

Kuvifahamu Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja

Makosa mengi ya wanafunzi yana mantiki yake. Anayeandika “I have 14 years” amefuata Kiswahili neno kwa neno: nina miaka 14. Anayesema “drink medicine” anakumbuka kwamba kwa Kiswahili dawa hunywewa, hata ikiwa ni kidonge. Anayesema “open the radio” ametoka katika nyumba ambamo redio hufunguliwa na kufungwa. Anayechanganya “he” na “she” ametoka katika lugha ambamo “yeye” humfaa mwanamume na mwanamke bila kubagua.

Mwalimu anayeijua mizizi ya kosa huweza kulisahihisha kwa sentensi moja. Atawaonyesha wanafunzi kwamba wingi wa Kiswahili hukaa mwanzoni mwa neno, mtoto na watoto, ilhali wingi wa Kiingereza kwa kawaida hukaa mwishoni. Atawaonyesha kwamba “sikuenda” ni neno moja lenye kukanusha, mtenda na wakati ndani yake, na kwamba Kiingereza huyatawanya mambo hayo katika maneno matatu. Lugha za nyumbani nazo zina la kuchangia. Kiiraqw, kwa mfano, hugawa nomino zake kwa jinsi za kisarufi. Msemaji wake akielezwa hivyo hugundua kwamba tayari anajua jambo ambalo msemaji wa Kiswahili pekee hajawahi kulifikiria.

Katika sayansi tofauti hizi hugusa maana yenyewe. Kiswahili cha kawaida husema “mkono” kwa sehemu yote kuanzia begani hadi vidoleni, na “mguu” vivyo hivyo. Kiingereza cha biolojia hutenga “arm” na “hand”, “leg” na “foot”. Neno “nguvu” katika mazungumzo hubeba mambo ambayo fizikia huyatenganisha kwa “force”, “energy” na “power”. Kiswahili sanifu cha sayansi kina maneno ya kutofautisha, kama “kani” na “nishati”, lakini mwanafunzi asipooneshwa tofauti hizo huandika neno la kwanza linalomjia na kukosa alama kwa jambo ambalo huenda analielewa.

Somo la mfano: tungamo na uzito

Mfano ufuatao unaonyesha namna mwalimu wa fizikia anavyoweza kufundisha mada na lugha kwa pamoja katika vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Mada ni tofauti kati ya “mass” na “weight”.

Dakika 10 za mwanzo ni za swali. Mwalimu anauliza kwa Kiswahili: mfuko wa saruji wa kilo 50 ukipelekwa mwezini, utabaki na kilo zake? Kuubeba kutakuwa rahisi zaidi au kugumu zaidi? Wanafunzi wanaandika makisio yao katika daftari kwa lugha yoyote.

Dakika 15 zinazofuata ni za majadiliano ya wawili wawili au wanne wanne. Hapa mwalimu anaruhusu Kiswahili, na pale penye haja lugha ya nyumbani, ili kila mmoja aweze kufikiri hadi mwisho wa wazo lake. Wanafunzi hugundua kwamba sokoni neno “uzito” hutumika kwa vitu viwili: kiasi cha maada kilichomo katika mfuko, na mvuto unaoufanya uwe mzito begani.

Dakika 20 ni za maelezo na msamiati. Mwalimu anaandika ubaoni maneno machache, yasizidi manane: “mass” ni tungamo, “weight” ni uzito, “force” ni kani, “gravity” ni mvutano, “measure” ni kupima. Anayatamka, wanafunzi wanayatamka baada yake. Kisha anaeleza kwa Kiingereza rahisi na kwa hesabu: hapa duniani kila kilogramu moja huvutwa kwa takriban newtoni 10, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una uzito wa newtoni 500 hivi. Mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, hivyo uzito wa mfuko huo mwezini hushuka hadi newtoni 83 hivi. Tungamo yake hubaki kilo 50.

Dakika 20 nyingine ni za kuzungumza Kiingereza kwa msaada. Mwalimu anaandika vianzio vya sentensi na wanafunzi wanavikamilisha kwa mdomo wakiwa wawili wawili: “The mass of the bag is…”, “The weight of the bag on the moon is…”, “The mass does not change because…”. Mwanafunzi mwenye haya hupata mahali pa kuanzia, na mwenye uwezo zaidi huongeza maneno yake mwenyewe.

Dakika 15 za mwisho ni za kuandika. Kila mwanafunzi anaandika sentensi tatu za Kiingereza bila kunakili ubao. Mwalimu anapokusanya madaftari husahihisha kwanza wazo la fizikia, kisha kosa moja la lugha linalojirudia kwa wengi. Kuyajaza madaftari wino mwekundu kwa kila kosa hakumfundishi mwanafunzi, kwa kuwa hajui aanze na lipi.

Mpangilio huu una kanuni nyepesi kukumbuka: kufikiri kwa lugha inayoeleweka, kujifunza maneno, kuzungumza kwa msaada, kisha kuandika kwa Kiingereza. Kiswahili huingia kwa mpango na kutoka kwa mpango. Mwalimu anayetafsiri kila sentensi baada ya kuisema kwa Kiingereza huwazoesha wanafunzi kusubiri tafsiri. Anayetumia Kiingereza pekee tangu mwanzo hadi mwisho huwazoesha kukariri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol wamewahi kuandaa sura za majaribio za vitabu vya Kidato cha Kwanza kwa mwelekeo kama huu, zikiwa na Kiingereza chepesi, msamiati wa lugha mbili na kazi za majadiliano.

Maneno ya amri katika mtihani

Alama nyingi hupotea kabla mwanafunzi hajaanza kujibu, kwa sababu hakuelewa ameambiwa afanye nini. “State” humtaka ataje jambo kwa ufupi. “Describe” humtaka aeleze jambo lilivyo au linavyotokea, hatua kwa hatua. “Explain” humtaka atoe sababu, na jibu lisilo na sababu huwa pungufu hata likiwa refu. “Distinguish” humtaka aseme pande zote mbili katika sentensi moja, kwa mfano: “Mass is the quantity of matter in a body, while weight is the force of gravity on it.” Anayeandika upande mmoja tu amejibu nusu ya swali.

Maneno haya hayazidi kumi na matano kwa masomo yote. Walimu wa idara zote wakikubaliana kuyafundisha kwa maana moja, yakabandikwa ukutani katika kila darasa pamoja na mfano wa jibu, mwanafunzi atayakuta tena na tena hadi yamkae kichwani kabla ya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili.

Adhabu za lugha

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki umekuwepo mtindo wa kumwadhibu mwanafunzi anayesikika akizungumza Kiswahili au lugha ya kabila lake, na wakati mwingine kumvisha kibao shingoni hadi atakapomkamata mwingine. Nia yake ni kuharakisha Kiingereza. Matokeo yake hujulikana na kila aliyepita huko: wanafunzi hunyamaza. Asiyezungumza hakosei, lakini pia hajifunzi. Mbaya zaidi, hujifunza kwamba lugha ya mama yake ni kosa, na wapo wanaoanza kumwonea aya mzazi anayefika shuleni akizungumza lugha hiyo.

Shule inayotaka Kiingereza kizungumzwe inaweza kukitengenezea nafasi: mjadala wa kila Ijumaa, gazeti la ukutani, klabu ya kusoma, taarifa fupi ya habari wakati wa mstarini inayosomwa na wanafunzi kwa zamu. Katika nafasi hizo makosa huruhusiwa, na anayethubutu hupongezwa.

Wajibu wa uongozi wa shule na bodi

Mengi kati ya haya huhitaji uamuzi kuliko fedha. Mkuu wa shule anaweza kuagiza kwamba katika wiki ya kwanza ya Kidato cha Kwanza kila mwanafunzi aandikwe lugha anazozungumza nyumbani, lugha anazoweza kusoma, na umbali anaotoka. Orodha hiyo humwonyesha mwalimu wa darasa nani akae na nani. Mwanafunzi mgeni wa Kiswahili akiketi karibu na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, hupata mkalimani bila gharama.

Bodi ya shule, inapopanga matumizi, inaweza kuanza na kamusi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, pamoja na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na taasisi hiyo mwaka 1990, ni vitendea kazi vya msingi kwa kila idara ya sayansi. Kamusi zikifungiwa ofisini hazimsaidii mtu. Nakala chache zilizo mezani mwa darasa zina faida kuliko nyingi zilizo kabatini.

Walimu nao wanahitaji kusaidiana. Wengi wao walipitia njia ile ile ya kukariri, na wengine hawana uhakika na Kiingereza chao wenyewe. Saa moja kwa mwezi ya walimu wa somo moja kutoka shule jirani, wakiandaa pamoja msamiati na vianzio vya sentensi kwa mada zijazo, hupunguza mzigo wa kila mmoja.

Nyumbani

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kudhani hana la kumsaidia mwanawe. Analo. Jioni amwombe mtoto amweleze, kwa lugha ya nyumbani, jambo moja alilojifunza siku hiyo: kwa nini chuma hupata kutu, kwa nini mvua hunyesha zaidi upande mmoja wa mlima. Mtoto anayeweza kumweleza mama yake jambo kwa Kiiraqw au Kidatoga amelielewa, na kilichobaki ni kulipatia maneno ya Kiingereza. Akishindwa kulieleza kwa lugha yoyote, mzazi amepata habari ya kumpelekea mwalimu mapema, kabla ya matokeo ya muhula.

Mzazi pia ampe mtoto muda na taa ya kusomea, hasa mtoto wa kike ambaye kazi za jioni humsubiri jikoni. Na aendelee kuzungumza naye lugha ya nyumbani bila hofu. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha yake ana mahali pengi pa kuyaweka maneno mapya.

Mwanzoni mwa muhula, mzazi au mlezi anayefika shuleni anaweza kuuliza maswali matatu: Je, walimu wanajua mwanangu anazungumza lugha gani? Je, anaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili pale asipoelewa? Je, kila somo linampa nafasi ya kuzungumza na kuandika Kiingereza chake mwenyewe, hata kama kina makosa? Shule inayoweza kujibu ndiyo kwa maswali yote matatu imeanza vizuri. Isiyoweza inayo kazi ya kufanya, na inaweza kuianza muhula huu huu kwa ubao, chaki na walimu iliyo nao.